Nani Alileta Hesabu Kwenye Saikolojia?

Jirani, mimi nilikimbia hesabu zamani sana. Si siri. D yangu ya KCSE iko nyumbani kwa mama, ndani ya bahasha ya kaki, na mgeni akiingia, bahasha inafunikwa na mto. Ndiyo maana niliporudi chuo na mvi zangu nilichagua kozi kwa akili. Saikolojia. Nikajua hiyo ni maneno tu. Mtu analia, unampa tishu. Unamwuliza utotoni mambo yalikuwaje. Unatikisa kichwa polepole. Anakulipa. Hesabu zingepitia wapi hapo?

Zilipitia mlango wa mbele, muhula wa kwanza. Utangulizi wa Takwimu. Somo la lazima, usipopita hupandi mwaka. Chuo chenyewe sikitaji, kiko huku huku kwetu, na tayari kinanidai karo, sitaki kinidai na heshima. Darasani wote ni rika la binti yangu. Wananiita budangu. "Budangu, kalkuleta umeishika juu chini." Lekchara naye ni kijana mwenye ndevu tatu, lakini akianza kumwaga zile herufi za Kigiriki ubaoni, mimi ndiye ninayeangalia chini.

Tukaanza na wastani. Nikapumua. Wastani naujua, unajumlisha, unagawa. Akatuletea sensa ya 2019: kaya ya Kenya ina wastani wa watu 3.9. Nikainua mkono. Nikauliza huyo wa nukta tisa ni nani, na mbona kwangu anamaliza sahani nzima? Darasa likaanguka kwa kicheko. Jirani, sikuwa nafanya mzaha. Nilitaka kujua.

Akasema wastani ni wa kuogopwa. Kule Nyatike, kwenye mashimo ya dhahabu, chukua wachimbaji watano. Wanne wametoka na vumbi. Wa tano ameuza ya shilingi 50,000. Wastani ni shilingi 10,000 kwa kila kichwa. Sasa nenda ukawaambie wale wanne kwamba wamepata elfu kumi kumi. Nenda peke yako, mimi nitakungoja Macalder. Ndiyo sababu kuna mediani: unawapanga kuanzia aliyepata kidogo hadi aliyepata kingi, unasimama kwa wa katikati. Wa katikati ana sifuri. Hiyo niliielewa papo hapo, maana wa katikati ni mimi. Maisha yangu yote ni mediani.

Ikaja standadi devieshoni. Sikiliza maudhi. Unatafuta wastani. Unautoa kwa kila namba. Unajumlisha mabaki. Unapata sifuri. Unafuta, unarudia, sifuri. Kumbe ni sifuri kila mara, iwe Migori iwe Mombasa, kwa sababu walio juu ya wastani wanafutana na walio chini. Lekchara alijua hivyo tangu mwanzo na bado akanifanyisha? Basi unaambiwa uzidishe kila baki kwa lenyewe ili hasi ziishe, ndipo ujumlishe, ugawe, halafu utafute kipeuo cha pili urudi ulikotoka. Ni kutoka Rongo kwenda Homa Bay kwa kupitia Kisii. Na hata kugawa, hugawi kwa idadi ya watu uliowapima. Unatoa mmoja kwanza. Nikauliza huyo mmoja ameenda wapi. Nikaambiwa, ukishaujua wastani na namba za wengine wote, huyo wa mwisho hana tena uhuru wa kuchagua yake. Imeshaamuliwa. Nikanyamaza. Kwangu nyumbani huyo ndiye baba.

Kitu kimoja kilinipa moyo. Kile kipimo cha t kinachotutoa jasho kilibuniwa na mtu wa kiwanda cha bia. William Gosset, mwajiriwa wa Guinness kule Dublin. Shida yake ilikuwa sampuli ndogo: una vishamba vichache vya shayiri, utajuaje kama mbegu hii imeizidi ile kweli, au ni bahati tu ya mwaka huo? Mwaka 1908 akachapisha jibu, na kwa kuwa kampuni haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, akajiita Student. Jioni nikawaeleza wazee wa pale mtaani tunapokunywa. Wakaniangalia kwa muda. Mmoja akauliza, "Na wewe miaka yote hii hapa, umebuni nini?"

Halafu Fisher. Ronald Fisher, Mwingereza, ndiye aliyetukalisha na mpaka wa 0.05. Kwenye kitabu chake cha 1925 alisema ni rahisi kutumia mpaka huo: kitu ambacho bahati tupu ingekileta chini ya mara moja kwa ishirini, kipe uzito. Rahisi kwa nani? Kwake. Miaka 100 baadaye mwanafunzi wa Awendo anapata 0.06 na anataka kulia. Mwaka 1935 akaandika habari za mama mmoja aliyedai kwamba akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au yalifuata. Vikombe vinane, vinne hivi, vinne vile, vimechanganywa. Ukimwambia avitoe vinne vya maziwa kwanza, kuna njia 70 za kuchagua, na iliyo sawa ni moja tu. Akipata vyote, ni vigumu tena kusema anabahatisha.

Jaribio hilo huku kwetu lingekufa asubuhi. Maji, maziwa, majani na sukari vinachemkia sufuria moja. Nani alimtangulia nani? Kwa hivyo nikaamua kutumia omena.

Kuna mama anauza omena sokoni Migori. Yeye hujigamba kwamba omena ya Mbita na omena ya Muhuru anazijua hata gizani. Nikamwambia, mama, leo ni sayansi. Nikapanga visahani vinane, vinne vya Mbita, vinne vya Muhuru, jibu nimeliandika kwenye kiganja. Nikamfunga leso machoni. Watu wakajaa. Nadharia tete yangu ilikuwa ile tuliyofundishwa kuanza nayo, kwamba hapa hakuna kitu, mama anabahatisha tu, na kazi ya ushahidi ni kunifukuza hapo.

Hakuonja hata moja. Alichukua omena, akavunja kichwa kwa kidole gumba, akanusa palipovunjika, kisha akasugua vidole kusikia mchanga. Kisahani cha kwanza: Mbita. Sawa. Cha pili: Mbita. Sawa. Cha tatu akasita. Akavunja nyingine. Akanusa tena. "Nyathina," akasema, na leso bado iko machoni, "hii si ya Mbita wala ya Muhuru. Hii ni ya upande wa Tanzania, na imelala. Umeuziwa."

Nikaangalia kiganja. Jasho lilikuwa limekula nusu ya jibu. Nikakimbia kwa aliyeniuzia. Akakana. Akacheka. Akakubali. Sasa niambie jirani, kwenye zile njia 70 za Fisher, hiyo naiandika wapi? Mama akavua leso, akahesabu visahani alivyonusa, akanidai malipo. Watu wakapiga makofi. Si yangu.

Korilesheni nayo ilinigombanisha nyumbani. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka sana, taa haivuti, omena zinapungua, bei ya gorogoro inapanda, na mke wangu anakuwa mkali. Nikaandika kwenye CAT kwamba mwezi mpevu husababisha hasira. Lekchara akapiga mstari mwekundu, akaandika: "Mambo mawili kwenda pamoja si kusababishana. Tafuta kilicho katikati." Nikampelekea mke wangu asome, anihurumie. Akasoma mara mbili. Akasema huyo kijana ana akili sana, na kilicho katikati ni mwanamume asiyeleta pesa ya gorogoro.

Sasa wametutuma nyanjani. Migori ina watu 1,116,436 kwa sensa ya 2019, Homa Bay 1,131,950. Nilipoona hizo namba nikaanza kuulizia bei ya viatu. Kumbe kuna jedwali la Krejcie na Morgan, la 1970. Ukiwa na watu 50, hoji 44. Ukiwa na watu milioni moja, hoji 384. Nimeelezwa kwamba sampuli ikichaguliwa vizuri, bila kupendelea mtu, inatosha kuonja mahali pakubwa. Nimechorewa. Nimetikisa kichwa. Sijaelewa. Lakini mimi sibishani na jedwali linalonipunguzia kazi. Zikitimia 384 nitampelekea kijana wa saiba anayepiga picha za pasipoti na kufanya SPSS kwenye meza ile ile. Programu hiyo iko tangu 1968 na bado ikiniona inaganda.

Shida ni hojaji. Ni ya mtindo wa Likert, wa 1932: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Huyo Likert hakupita huku. Huku nani atamwambia mgeni "sikubali kabisa" uso kwa uso? Ni kukosa adabu. Kwa hivyo wote wanakubali kabisa. Nimeuliza kama wana msongo wa mawazo, wamekubali kabisa. Nimeuliza kama hawana msongo wowote, wamekubali kabisa. Mzee mmoja pale Rodi Kopany alinionea huruma. "Omera, ni gani itakupa alama? Weka hiyo." Mwingine akataka kujua ni mbunge gani amenituma. Mama wa ndizi alikataa kutaja umri wake, akauliza wangu, nikamwambia, akaita mwenzake: "Njoo uone, huyu bado anasoma!"

Kwa hivyo jirani, ukiniona hapo stejini, mtu mzima na rundo la karatasi, kalamu nimeifunga kamba shingoni, usivuke barabara. Simama ujaze. Sigawi pesa, simwandikishi mtu kwa mradi, na soda sina. Kama hukubali, weka hukubali, sitakasirika. Na ule umri, tafadhali, weka wa kweli.