Barua ya Wazi kwa Kamati ya Ujenzi ya Hospitali Yetu

Ndugu Wajumbe,

Pokeeni pongezi. Ghorofa mpya inapanda, na wagonjwa waliolazwa chini yake bado wapo, jambo ambalo naona mkataba haukulitarajia. Nimesoma bango la mradi pale getini: mteja, mshauri elekezi, mkandarasi, muda wa ujenzi. Mgonjwa hakutajwa. Huenda mlimsitiri.

Asanteni pia kwa vumbi, huduma pekee humu wodini isiyodai risiti. Kwa mimi ninayeuguza, vumbi ni chafya tu. Kwa jirani yetu wa kitanda cha dirishani, mwenye saratani ya damu, mambo ni mengine. Dari kuukuu likibomolewa huweza kuachia vijimbegu vya kuvu aina ya Aspergillus, vyenye ukubwa wa mikroni 2 hadi 3 hivi, ambavyo hupenya hadi vilindini mwa pafu. Aliyepungukiwa kinga huweza kufa kwa hilo. Dawa yake mafundi wa hospitali wanaijua: ukuta wa muda uliozibwa mpaka juu, feni ya kuvuta hewa ya upande wa ujenzi na kuitoa nje, na kifusi kisipite njia moja na machela. Ninyi mmetundika turubai lenye matundu, mkabandika tangazo: “Samahani kwa usumbufu.” Usumbufu, ndugu zangu, ni foleni ya bajaji.

Sasa lile la oksijeni. Fundi alifunga koki akidhani ni ya maji. Simlaumu, bomba halikuwa na alama, na hakuna aliyempa mchoro. Wauguzi walikimbia na mitungi huku mhandisi akiulizwa kwa simu yuko wapi. Mgonjwa mahututi anayepewa oksijeni kwa kasi kubwa huweza kutumia lita 60 kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unamwishia kabla ya saa mbili. Zege lenu linasubiri siku 28 kufikia nguvu yake, na mnalisubiri kwa adabu kabisa. Ubongo uliokosa hewa hauwapi hata robo saa.

Nimeambiwa haraka yote hii, hadi kutoboa kuta usiku wa manane, ni kwa sababu mgeni rasmi anakuja kukata utepe. Karibu sana mgeni. Tungeomba tu apangiwe kulala nasi usiku mmoja, karibu na ile nyundo ya umeme.

Kisha nikauliza nani hukaa kwenye kikao cha saiti. Wahandisi, mhasibu, ofisa manunuzi, mwakilishi wa mkandarasi. Muuguzi hata mmoja hayumo! Naelewa: wajumbe wakiongezeka, posho na sambusa hugawanyika vibaya. Lakini sista wa wodi ndiye anayejua nani yuko kwenye mashine leo na nani anaingia upasuaji kesho.

Basi mpeni kiti kikao kijacho, na mpeni mamlaka ya kusema “leo hapana” mkandarasi akamsikia. Na kuanzia kesho, msizime umeme, maji wala oksijeni bila kibali cha maandishi chenye saini ya sista huyo, saa ya kuzima, saa ya kurudisha na mitungi ya akiba ikiwa tayari kitandani.

Wenu,
Muuguza mgonjwa, wodi ya chini ya zege

Nakala: Mgeni rasmi