Kihispania cha Baada ya Kazi

Muhula wa kwanza wa mwaka wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Desemba, na lugha ya kigeni inayosomwa humo kuliko nyingine zote ni Kihispania. Mwaka 2021 usajili wa madarasa yake ulipita nusu milioni. Wamo Waswahili wa ughaibuni: msaidizi wa wauguzi aliyetoka Mombasa, mpakiaji wa ghala aliyetoka Lubumbashi, mpishi wa hotelini aliyekulia Tanga. Hawa hawasomi kwa hamu ya kutembea Madrid. Shahada nyingi hudai mihula kadhaa ya lugha ya kigeni, na Kiswahili, ambacho wangekifaulu wakiwa usingizini, aghalabu hakifundishwi katika chuo kilicho karibu na kazini kwao.

Kujiandikisha hufanyika miezi ya kiangazi, mtu akiwa amepumzika na kujidhania kuwa mtu mwingine. Kozi ya krediti tatu huonekana ndogo kwenye kompyuta: jioni mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili. Kanuni inayokaririwa vyuoni ni kwamba kila saa ya darasani hudai saa mbili za kujisomea, kwa hiyo krediti tatu ni saa tisa za wiki. Ratiba ya Julai huzipata zote bila taabu: nyingine ndani ya basi, nyingine wakati wa chakula cha mchana kazini, zilizosalia Jumapili baada ya ibada. Kufua hakumo katika ratiba hiyo, wala kuugua, wala msimamizi anayepiga simu kuuliza kama mtu anaweza kushika zamu ya mwenzake.

Kitabu ndicho kisirani cha kwanza. Mwenye kubana matumizi hununua kilichokwisha kutumika na kujiona mjanja, mpaka mhadhiri aeleze kwamba mazoezi yote hufanyiwa kwenye tovuti ya mchapishaji, na kwamba tovuti hufunguliwa kwa namba ya siri inayokuja na kitabu kipya. Namba hiyo hutumika mara moja, na aliyeitumia alishahitimu akaenda zake. Kununua namba peke yake inawezekana, ila bei yake haiko mbali na ya kitabu kizima. Mjanja hubaki na kitabu chenye majibu yaliyojazwa kwa wino, mengi yakiwa na makosa.

Jioni ya kwanza huanzia kwenye maegesho. Kibali chake hulipiwa muhula mzima, nacho humpa mtu haki ya kutafuta nafasi, si nafasi yenyewe. Anayetoka kazini saa kumi na moja huingia darasani akiwa na sare yake na beji kifuani, wakati wenzake wamekwisha kaa, na kiti kilichobaki ni cha mbele kabisa. Zamu ya kujitambulisha humkuta kabla hajavua koti. Mtu aliyeshinda akiinua wazee vitandani huulizwa kwa Kihispania anapenda kufanya nini wakati wa mapumziko. Jibu la kweli ni moja, dormir, kulala. Vitabu huchelewesha kitenzi hicho kwa sababu irabu yake ya ndani hubadilika, dormir ikawa duermo, lakini katika darasa la jioni hujulikana na kila mtu kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Kwenye matamshi Mswahili hung'ara. Irabu tano za Kihispania ni zile zile tano alizonyonya nazo, na ñ ni ile ny ya nyumba. Mesa na bandera humlaki kama jamaa, kwa kuwa Wareno walikwisha kumwachia meza na bendera pwani, lugha yao ikiwa ndugu ya Kihispania. Fulano naye ni fulani yule yule, kila mmoja kwa njia yake akitoka kwa Waarabu. Akisoma kwa sauti, mhadhiri hunyamazisha darasa wamsikilize. Sifa hiyo ina gharama. Tangu siku hiyo mhadhiri huamini kwamba anaelewa anachokisoma, na maswali magumu yote huanza kuelekezwa kiti cha mbele.

Jinsi za nomino nazo ni mbili tu, na aliyelelewa kwenye ki-vi, li-ya na u-zi huziona mchezo wa watoto. (Waliosoma Nairobi hunyamaza kidogo hapa.) Kiburi hufika kikomo kwenye la mano na el problema, ambapo mkono wenye o mwishoni ni wa kike na tatizo lenye a ni la kiume.

Linalomponza Mswahili kuliko yeyote darasani, hata hivyo, ni somo la saa, nalo huja wiki za mwanzo kabisa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kunapopambazuka na kunapokuchwa. Ya Kihispania huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Aliyekaa Marekani amezoea kuzigeuza anaposema Kiingereza, lakini lugha mpya haijui mazoea hayo na hurudi kuchota kwenye kisima cha kwanza. Akiulizwa hupata kifungua kinywa saa ngapi, hujibu a la una. Chakula cha jioni? A las dos. Kulala? A las cuatro. Kisarufi majibu hayo hayana doa, kwa maana moja imewekwa katika umoja na nyingine katika wingi kama inavyotakiwa. Mhadhiri hutoa alama zote, kisha humtazama kwa huruma mtu anayefungua kinywa saa saba mchana. Mhadhiri akiwa ametoka Uhispania hata huruma hiyo haipo, kwa kuwa kwao chakula cha mchana saa nane na cha usiku saa nne si ajabu, na isitoshe darasani mna walinzi wa usiku ambao kweli huishi hivyo. Kosa huweza kudumu hivyo mpaka wawili wapatane kusomea mtihani maktabani a las cuatro. Mmoja huja saa kumi alasiri. Mwingine huja saa nne usiku, akakuta taa zinazimwa.

Mazoezi ya tovutini hufungwa mara nyingi saa sita kasoro dakika moja, usiku wa Jumapili. Mashine haina muhali: esta na está ni maneno mawili, na jibu sahihi lililokosa alama ya mkazo ni jibu lisilo sahihi. Anayefanyia zoezi kwenye simu wakati wa mapumziko hulazimika kuiwekea kibodi ya Kihispania, na tangu hapo simu huliona kila neno la Kiswahili kuwa kosa la tahajia. Ndugu wa Tanga anayesubiri kuambiwa hela zinatumwa lini anaweza kuletewa queso badala ya kesho, na akipata mtu wa kumfasiria, akajibu kwa adabu kwamba jibini ipo, zitumwe hela.

Wahadhiri wote husisitiza lugha itumike kazini, penye wenyewe. Ushauri ni mzuri, ila Kihispania kina wewe zaidi ya moja. Darasani hufundishwa tú ya marafiki na usted ya heshima. Mtu wa pwani, mwana wa shikamoo, huchagua usted kwa wote, pamoja na mtoto wa mwanafunzi mwenzake aliyeletwa darasani kwa kukosa mlezi. Mtoto hufurahi sana. Jikoni hotelini, watu wa Guatemala na El Salvador wana ya tatu, vos, ambayo vitabu vingi vya Marekani huipitia juu juu. Mpishi akimwomba mwenzake sufuria kwa usted, kwa heshima ya barua ya serikali, mwenzake aliyetaniana naye mwaka mzima huuliza wamekoseana nini.

Muda wa kuacha kozi na kurudishiwa ada huwahi kwisha, kwa kawaida kabla mtu hajarudishiwa jaribio la kwanza. Ipo tarehe nyingine mbele ya kujitoa bila kuandikiwa kufeli, lakini ada hairudi, na kwa ajili ya ada wengi huvumilia. Usajili wa muhula unaofuata hufunguliwa Oktoba au Novemba, mtihani wa mwisho ukiwa bado. Kwa hiyo mfanyakazi hujiandikisha ngazi ya pili bila kujua kama amefaulu ya kwanza, na safari hii, kwa kuwa jioni zimemtesa, huchagua darasa la asubuhi. Wiki hiyo hiyo msimamizi humhamishia zamu ya asubuhi.