Niko na Saa Mbili, na Bado Ninachelewa

Hapa kwetu Gety, ukivaa saa mkononi umejitafutia kazi isiyo na mshahara. Na mimi ni mwalimu, kazi ya namna hiyo nilikuwa nayo tayari. Lakini watu hawana huruma. Mama wa mandazi: mwalimu, saa ngapi? Motari wa kwenda Bogoro: mwalimu, saa ngapi? Hata mbuzi wa jirani naona wananitazama mkono. Bon. Ingekuwa saa ya kawaida ningejibu, tukaachana kwa amani. Yangu inajibu mara mbili.

Ni zile saa za zamani, za wakati wa Zaire. Juu mishale, chini kadirisha ka namba. Baba mdogo alikuwa anaivaa na abakosti yake, akaniachia iwe urithi. Wenzangu wamerithi mashamba. Mimi nimerithi mabishano. Maana mzee aliiweka mishale kwa Kiswahili na namba kwa Kifaransa. Kadirisha kalipokuwa bado kazima, watoto wakiingia darasani asubuhi, mishale inasema saa mbili, kadirisha kanasema 8:00. Zote kweli! Kawaeleze hayo watoto wa darasa la tatu. Walicheka mpaka direkta akaja kuuliza nafundisha somo gani. Kuibadilisha siwezi. Kale kachwa ka pembeni ka kuvuta mishale kamekwama tangu mzee akiwa hai.

Na nchi yenyewe hainisaidii. Sisi wa Ituri tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Radio ikitangaza kwa saa ya Kinshasa, sisi huku tumeshavuka. Ukiteremka ziwani upande wa Kasenyi, simu inashika mtandao wa Uganda, inajiongezea saa nyingine bila kukuomba ruhusa. Kwa hiyo kwetu ikiwa 9:00, Kinshasa ni 8:00, Uganda ni 10:00, na mishale ya marehemu inasema saa tatu. Muwe wakweli jamani, mtu wa kawaida anaishije?

Nikaipeleka Bunia kwa fundi wa sokoni. Kijana mdogo, sauti ya profesa. Akafungua kifuniko, akaniita nichungulie. Kumbe ndani kuna kajiwe, wanakaita quartz, kamekatwa umbo la uma. Kanatetemeka mara 32,768 kila sekunde. Kuna kasakiti kanagawa hiyo hesabu kwa mbili, tena kwa mbili, mara 15, mpaka ibaki moja. Hiyo moja ndiyo inayoruka kwenye mshale wa sekunde. Na yote hayo kwa kapile ka volti moja na nusu! Mimi na sahani nzima ya sombe nafika juu ya kilima cha shule natafuta pa kukaa.

Nikamuuliza, sasa nani aliwaza kuweka saa mbili ndani ya saa moja? Akasema ni watu wakubwa. Omega walitoa yao mwaka 1976, ikaitwa Chrono-Quartz, mwaka wa Olimpiki za Montreal, zile ambazo nchi nyingi za Afrika zilisusia. Seiko nao yao ilivaliwa na Roger Moore akicheza James Bond, sinema ya 1981. Siku hizi Wazungu wanazisaka za zamani hizo na wanalipa vizuri. Hapo moyo ukaruka kuliko mshale. Nikaivua haraka, nikaipangusa kwa shati, nikamwekea mezani. Akaigeuza, akasoma jina la nyuma, herufi kwa herufi, akanirudishia kwa vidole viwili. Akasema: “Papa, weye vaa tu.”

Nikamwonyesha na ugonjwa wa kadirisha. Kila namba inajengwa kwa vijiti saba. Kwenye namba ya pili ya saa, kijiti cha juu kulia kimekufa. Kwa hiyo 8 inasomeka 6, na 9 inasomeka 5. Nikirudi nyumbani 19:00, saa inaandika 15:00. Mama watoto hajali kadirisha, anashika mishale: saa moja ya usiku, ulikuwa wapi? Direkta yeye hajali mishale, anashika kadirisha. Kila mtu anasoma upande wenye makosa yangu. Fundi akasema dawa ni kusafisha kampira fulani kanakopeleka umeme kwenye kioo. Akataja bei. Nikamwambia nitarudi. Alijua sirudi. Hata kifuniko alikuwa ameshaanza kukirudisha.

Sasa sikieni la barua. Shirika moja, jina niache, lilialika walimu na wazee kwenye mkutano. Barua iliandika wazi, kwa mashine: 8h00. Chini yake: soda na nauli vitatolewa. Mimi na soda hatuhitaji barua ya pili. Nikapiga pasi suruali, nikakaa nje nikisubiri mishale ifike kwenye nane. Ikafika. Nikachungulia kadirisha pia, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Kalipaswa kuandika 14:00, lakini ile nne bila kijiti chake si namba tena. Kakaandika moja, alama isiyosomeka, halafu 00. Sasa hiyo ni saa ngapi? Nikaamini mishale. Barua nane, mishale nane, kosa langu liko wapi?

Nilipofika nilikuta viti vinapakiwa kwenye gari. Chupa tupu ziko kwenye kreti. Kijana wa orodha akanitazama toka viatu mpaka kofia. “Mwalimu, tulianza asubuhi.” Nikamwonyesha mkono. Akasogea, akaangalia juu, akaangalia chini, akanipa pole ya msiba. Kwenye mstari wa jina langu nilikuta kidole gumba cha wino. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, hajawahi kumiliki saa maisha yake yote, alikuwa amenisainia, akapokea nauli yangu, na soda yangu alikunywa hapo hapo isije ikapata moto.

Juzi kanisimamisha njiani. “Mwalimu, saa ngapi?” Nikameza hasira, yeye ni mkubwa wangu. Nikatazama juu, nikatazama chini, nikaondoa sita, nikarudisha kijiti cha marehemu, nikamwambia saa tano. Akashukuru sana. Halafu akainua uso, akaangalia jua, apate uhakika.