Mwanachama Asiyehitimu

Katiba ya mfano ambayo Chuo Kikuu cha Oxford huvipa vyama vya wanafunzi wake ina kifungu kimoja kinachoonekana kama kimeandikwa na mpishi aliyehofia wali hautatosha: watu wasio wa chuo wanaweza kukubaliwa kuwa wanachama, ila wasizidi moja ya tano ya wanachama wote. Fundi bomba wa mjini anayecheza chesi vizuri kuliko chama kizima anaweza kuambiwa asubiri kwa sababu nafasi za watu wa aina yake zimejaa. Ni rahisi kucheka, na ni rahisi zaidi kukasirika. Hata hivyo, kifungu hicho kina busara. Mtu wa nje hazuiwi kwa kuwa hajui kitu, wala kwa kukosa adabu. Shida yake ni moja tu: hahitimu.

Tazama kalenda. Mwaka wa masomo Oxford una mihula mitatu, Michaelmas, Hilary na Trinity, kila mmoja wa wiki nane. Jumla ni wiki 24. Wiki 28 zinazobaki, mwenyekiti wa chama huenda yuko kwao analala hadi saa tano asubuhi. Na huyo mwenyekiti mwenyewe ni wa kupita: mwaka wa kwanza hajui hata njia ya ukumbini, wa pili anachaguliwa, wa tatu amejichimbia maktaba akiogopa mitihani. Mkazi wa mji yupo wiki zote 52, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna aliyempigia kura, lakini ndiye anayejua kuwa kabati la chesi halifunguki mpaka ulisukume kwa goti huku ukivuta kitasa, ndiye anayeitana na bawabu kwa jina, na birika la chai ni lake. Baada ya miaka kumi, katibu mpya akipendekeza mkutano uhamishiwe Jumatano, wajumbe hawamtazami mwenyekiti. Wanamtazama mzee wa birika. Akikohoa, hoja imekufa.

Wapo watakaosema kanuni yenyewe haitekelezeki, na hapo wana hoja. Chukua kwaya yenye wanafunzi 32 na watu wa nje wanane. Jumla ni 40, kanuni imetimia barabara. Mitihani inakaribia, wanafunzi 12 wanajitoa. Sasa wamebaki 28, na ili hesabu ikae sawa sharti watu watatu wa nje waondoke. Nani atoke? Wawili kati yao ndio sauti ya nne yote, mmoja ndiye mwenye gari la kubebea kinanda, na mwingine ndiye pekee asiyeogopa kumwambia mwalimu wa kwaya kuwa wimbo umepanda mno. Kamati yoyote yenye akili itafanya kile ambacho kamati hufanya: itawaacha wote wanane na kuyaacha daftarini majina ya wanafunzi 12 waliokwishaondoka. Kwenye karatasi kwaya itakuwa na sauti ya kwanza nene ajabu, ambayo haijasikika tangu Oktoba. Lakini dawa ya uongo huu si kuifuta kanuni. Wanachama wahesabiwe mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa Michaelmas, na atakayekubaliwa siku hiyo asitikiswe hadi mwaka uishe.

Hoja nzito zaidi ni ya ujuzi. Kupiga kengele za kanisa kwa mtindo wa Kiingereza, ambapo kengele nzito huzungushwa duara zima kwa kamba, si kazi ya kujifunza jioni moja. Chama cha wapiga kengele cha chuo hicho kilianzishwa mwaka 1872, na mwanafunzi anayekuja bila kujua lolote huenda akaanza kuimudu kamba muhula unapokwisha. Bila watu wa mjini wa kumfundisha, kila Oktoba ingekuwa kuanza upya. Nakubali. Ila kufundisha hakuhitaji kutawala, na ndiyo maana vyama vingi vya wanafunzi nchini Uingereza humpokea mtu wa nje kama mwanachama mshiriki: analipa ada, mara nyingi kubwa kuliko ya mwanafunzi, lakini hapigi kura wala hagombei cheo. Wahenga waliagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu. Hawakusema apewe na hati ya shamba.

Mwisho kuna walalamikao kuwa huu ni ubaguzi, na mji wa Oxford una kumbukumbu ndefu. Tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi waligombana na mwenye baa kuhusu divai mbovu, zikazuka ghasia zilizoua watu wengi wa pande zote mbili, na viongozi wa mji wakafanyishwa toba kila mwaka hadi 1825. Baada ya karne karibu tano za kuombea msamaha divai, kuambiwa chama cha chesi kimejaa kunauma. Lakini ubaguzi ungekuwa sifuri, si moja ya tano. Isitoshe, wanafunzi wenyewe hawajapendelewa: sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1994 inamzuia kiongozi wa kulipwa wa umoja wa wanafunzi kukaa madarakani zaidi ya miaka miwili. Ikiwa aliyechaguliwa kwa kura ya siri anafungashiwa virago baada ya miaka miwili, yule aliyechaguliwa na birika lake hawezi kudai ishirini.

Kwa hiyo moja ya tano ibaki. Nawe mkazi wa mji unayejiunga na chama cha wanafunzi, lipa ada yako na ufundishe unachokijua. Wakitaka kukutana Jumatano, nenda Jumatano.