Jinsi ya Kulinda Wafalme Wawili Pale Mandewa

Kwanza tafuta mbegu za alizeti. Mandewa, kama kwingine Singida, hazikosekani baada ya mavuno, na ndizo dau bora la kuchezea poka kivulini. Mchezo wa fedha unataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Mbegu zinataka tu watu wasiozitafuna. Asiyeweza kujizuia asikabidhiwe kitita.

Haya, umegawiwa mfalme wa shupaza na mfalme wa pau. Usinyooshe mgongo ghafla. Usiwaagizie watu wote chai. Mezani zimefunuliwa karata tatu kati ya tano za wote: tisa ya kopa, nane ya kopa, tatu ya uru. Unaongoza karibu kila aliyeketi hapo, na ni katika kuongoza huku ndipo watu hufilisika.

Wacheza arubastini wanaijua hofu hii ya anayeongoza kupitia saba ya turufu: mwenye nayo hatulii mpaka ree itoke. Ila kwenye poka unaweza kumtoza anayekuvizia, tena kwa kila karata anayotaka kuiona. Kuiacha haki hiyo ni uzembe.

Tuseme jirani yako ana kopa mbili mkononi. Kopa zote ni 13, nne anaziona, kwa hiyo 9 zimejificha katika karata 47 asizozijua. Karata ijayo itamkamilishia kopa tano takribani mara 19 katika kila 100. Akiachwa azione zote mbili zilizobaki, nafasi yake inafika kama 35. Ukipita bila kuweka dau, eti usimtishe, umempa karata ya bure. Muuza kuku wa Singida hamwambii abiria wa basi amle kuku kwanza, alipe akishiba!

Basi utoze kiasi gani? Hapa ndipo akili itulie. Kitita kikiwa na mbegu 20, weka zisizopungua 10. Jirani atakuwa analipa 10 ili apate 30, kwa hiyo ili asile hasara anahitaji kufanikiwa mara 25 katika 100, naye kwa karata hiyo moja ana 19. Mimi napendelea 15, maana kopa ikishuka atakudai zaidi, na deni hilo lilipwe mapema. Ukiweka mbegu 2, analipa 2 ili apate 22, bei ambayo hata mtoto angeikubali. Ukiweka 200 kwa hasira, wote watakimbia isipokuwa yule mwenye tisa mbili mkononi. Huyo sasa ana tisa tatu, na ndiye uliyepaswa kumwogopa tangu mwanzo.

Wachezaji wakiwa wengi, pandisha. Watu wanne wanaovizia karata tofauti ni hatari kuliko mmoja, hata kama kila mmoja wao peke yake ni mnyonge.

Yuko mmoja wa kumheshimu: mwenye jeki ya kopa na kumi ya kopa. Hana hata jozi. Lakini kopa yoyote inamfaa, malkia yeyote au saba yoyote inamfungia mfululizo, jumla karata 15. Hadi karata ya mwisho atapata anachokitafuta kama mara 54 katika 100. Akikushinda, usimwite mwenye bahati. Alikuwa mbele yako kwa hesabu, wewe ukiwa mbele kwa macho tu.

Karata ya nne ikiwa mbili ya shupaza, weka dau tena, kubwa kuliko la kwanza. Kitita kimekua, na mwenye kopa mbili amebakiwa na karata moja tu ya kutumainia. Wengi huona haya kutoza mara ya pili, wakidhani ni uchoyo. Tozeni, jamani, mchezo ndivyo ulivyo.

Kisha inashuka ya tano, nayo ni kopa. Jirani mpole aliyelipa mara mbili bila neno anasukuma mbegu zake zote katikati. Mtu wa namna hiyo mara nyingi ana kopa tano. Tupa wafalme wako chini, usimwombe akuonyeshe, na umpe mwenzako karata achanganye.