Ndiyo, Bosi

Kwetu Tanga mtoto mwenye adabu anajulikana kwa mambo mawili: macho yake huwa chini na jibu lake huwa "ndiyo". Mkubwa akikuuliza, "Umenielewa?" unajibu ndiyo, kisha unakwenda nyuma ya nyumba kumwuliza kaka yako mkubwa amesema nini. Mfumo huu ulinivusha shule ya msingi, sekondari, hata chuo kikuu huko Arizona. Una kasoro moja tu: lazima awepo kaka nyuma ya nyumba. Nilipoanza kazi, nyuma ya nyumba nilikuta maegesho ya magari.

Kazi yenyewe ilikuwa ya uanagenzi. Kampuni moja ya kuhifadhi na kusafirisha mizigo ilichukua wahitimu wachache, ikapanga kutuzungusha mwaka mzima: miezi minne Louisville, minne Columbus, minne Buffalo, ndipo iamue nani abaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, nalo lilikuwa kompyuta yenye nywila saba.

Kila mwanagenzi alipewa pia kocha. Niliposikia neno hilo nilifurahi, maana nimekulia jirani na uwanja wa Mkwakwani, na kocha ninayemjua mimi ni yule anayesimama pembeni ya uwanja mishipa ya shingo imemtoka. Wangu alikuwa mama mpole aliyenipigia simu ya video kila Jumatano, na kazi yake ilikuwa kunirudishia swali. Nikimwambia, "Mama, nimeharibu," ananiuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Ningekuwa naona, ningehitaji kocha wa nini? Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha macho kwa heshima, naye akaandika kwenye faili langu kwamba sijiamini.

Msomaji atauliza kwa nini sikusema tu kwamba sielewi. Adabu ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili ilikuwa kibali. Mwanafunzi wa kigeni akimaliza chuo Marekani huruhusiwa mwaka mmoja wa kufanya kazi katika fani aliyosomea, na ndani ya mwaka huo akizidisha siku 90 bila kazi, kibali chake kimekwenda na maji. Mtu anayehesabu siku 90 kichwani hambishii bosi. Bosi akimwambia mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, anaufungua mwavuli na kuugeuza.

Louisville ilinitia mashakani tangu jina. Herufi zote zile unazoziona, wenyeji huzimeza wakabaki na kitu kama "Luavo", kama mtu aliyeulizwa swali akiwa na kiazi cha moto mdomoni. Baba alipopata habari kwamba nimepangiwa huko, hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Si ndiko kwao Muhammad Ali?" Ndiko. Ali alizaliwa hapo mwaka 1942, na tangu 2019 hata uwanja wa ndege una jina lake. Nikamtumia baba picha ya bango la uwanja. Akaipeleka msikitini, kahawani, na kwa jirani ambaye hawasemezani.

Siku ya kwanza, wakati wa chakula cha mchana, mwenzangu akaniuliza, "Wewe ni Cards au Cats?" Nikajibu, "Ndiyo." Meza nzima ikanyamaza. Baadaye ndipo nikajua kwamba Cards ni timu ya Chuo Kikuu cha Louisville, na Cats ni ya Chuo Kikuu cha Kentucky kilichoko Lexington, na kwamba chuki yao ni ya ukoo. Mfikirie mtu anayesimamishwa Kariakoo akaulizwa, "Simba au Yanga?" naye akajibu, "Ndiyo." Mtu huyo ataonekana mpelelezi.

Wiki ya pili, bosi akatangaza: "Ijumaa kila mtu aje na kofia." Nikasema, "Ndiyo, bosi." Katika ghala letu kofia ni moja tu, ile helmeti ya njano ya kukuzuia usipasuliwe kichwa na boksi. Ijumaa nikaivaa vizuri, mkanda nimeufunga chini ya kidevu, nikaingia. Nikakuta ofisi imegeuka bustani. Wanawake walikuwa na kofia pana kama ungo, zina maua, manyoya na utepe wa waridi; wanaume wana kofia za mabua kama matajiri wa zamani. Kumbe Jumamosi ya kwanza ya Mei ni siku ya Kentucky Derby, mbio za farasi zinazokimbiwa kila mwaka tangu 1875, na kofia ndiyo sherehe yenyewe. Bosi alinitazama, akatazama dari kama ina ufa, akaniuliza, "Kuna hatari tusiyoijua?" Lililoniuma zaidi ni kwamba sandukuni nilikuwa na kofia ya kiua aliyonishonea shangazi miezi mitatu. Ningeuliza neno moja tu, "kofia gani?", ningewafunika wote.

Jumatano kocha akaniuliza ninaonaje. Nikamwambia naona njano.

Septemba nikahamia Columbus, karibu kilomita 340 kuelekea kaskazini-mashariki. Huko mtu asiyekufahamu anaweza kukupigia kelele ukumbini, "O-H!" nawe unatakiwa umjibu kwa sauti ileile, "I-O!" na jina la jimbo, Ohio, linakuwa limekamilika. Sikufundishwa. Mara ya kwanza nilidhani mkutano wa hadhara umeanza, nikajibu, "Hoyee!" Walipenda. Kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba ninaelewa mji.

Kujiamini huko ndiko kulikoniangamiza. Wiki ya mwisho ya Novemba nilikuta ubaoni, pale tunapoandika mizigo na inakokwenda, kila herufi M imefutwa kwa mkanda mwekundu. Kwenye kikao cha asubuhi bosi akasema, "Wiki hii humu ndani sitaki kuona M. Sawa?" Wenzangu wakashangilia. Mimi nikasema, "Ndiyo, bosi," nikaenda kutekeleza. Nikasimamisha mizigo ya Michigan. Nikasimamisha ya Minnesota na Missouri. Kwa kuwa nilitaka kuonyesha moyo wa kujituma, nikasimamisha na ya Maryland. Paleti 22 za chakula cha mbwa zikakaa ghalani siku mbili, na mbwa wa majimbo manne wakawa wanatazamana na mabakuli. Ningekuwa na akili ningeona kwamba hata Columbus ubaoni ilikuwa imenyang'anywa M yake, na mji bado upo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Msomali mwenye duka la sambusa. Columbus ina mojawapo ya jumuiya kubwa za Wasomali Marekani, na huyu aliishi Eastleigh miaka mingi kabla ya kuvuka bahari, kwa hiyo Kiswahili chake kina Nairobi ndani. Nilipomsimulia aliweka sambusa chini ili acheke vizuri. "Kijana, Jumamosi timu ya chuo cha hapa, Ohio State, inacheza na ya Michigan! Wiki hii kila mwaka wanafuta M kila mahali. Ni utani wa mpira tu!" Nikarudi mbio ghalani. Bosi hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole kama nilielewa maagizo yake. Nikasema, "Ndiyo."

Yaani hata hapo.

Januari ikanikuta Buffalo, zaidi ya kilomita 500 kutoka Columbus. Baba aliuliza kama kuna nyati kweli, na mama akauliza kama nina sweta. Swali la mama ndilo lilikuwa la maana. Upepo wa baridi huvuka Ziwa Erie kabla halijaganda, ukachota mvuke njiani kama mtu mwenye mtungi, na ukifika mjini unaumwaga wote kwa jina la theluji. Si jambo la mchezo: dhoruba ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo hilo. Kwa hiyo bosi wa tatu alipotupa maelekezo ya theluji nilitega masikio yote mawili. "Usisahau kuhamishia gari upande wa pili kabla ya saa kumi na mbili jioni."

"Ndiyo, bosi."

Upande wa pili wa nini, sikuuliza. Nilifika nyumbani, nikaliwasha gari, nikaligeuza pale pale lilipo. Pua iliyokuwa inatazama ziwa ikatazama mji. Nikaenda kulala, nimetii.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa umefutika, na magari yote yamekuwa vichuguu vyeupe. Nikaazima koleo, nikahesabu vichuguu kutoka kona, nikaanza kuchimba cha tano. Nilichimba saa nzima na robo. Jasho lilinitoka na kope zikaganda kwa wakati mmoja, jambo ambalo Tanga haliwezekani. Hatimaye nikafikia mlango. Mlango ulikuwa mwekundu. Gari langu ni la bluu.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mama mmoja amejifunga kitenge juu ya koti. "Aksanti sana, mutoto yangu! Mungu akubariki!" Alikuwa mama wa Uvira, aliyekaa Nyarugusu kule Kasulu miaka mingi kabla ya kuletwa Buffalo, na alidhani nimetumwa na kanisa. Akaniuliza, "Na gari ya kwako iko wapi?"

Nikatazama vichuguu. Nikatazama mbingu. Kisha nikasema neno ambalo sikuwa nimelisema mbele ya mtu mzima tangu nifike Marekani: "Sijui, mama."

Akaniingiza ndani, akanipa chai na sahani ya ugali na sombe, kisha akanieleza. Katika mitaa mingi ya mji ule magari huegeshwa upande mmoja wa barabara siku kadhaa, na upande wa pili siku nyingine, ili katapila la theluji lipite. Langu liliziba njia, likavutwa usiku. Kulikomboa kulikula zaidi ya mshahara wa siku moja. "Mbona haukuuliza?" akasema. "Miye nilipofika hapa nilikuwa nauliza hata imbwa." Sikumwambia nilichowafanyia mbwa.

Jumatatu kikaoni bosi akasoma agizo kutoka makao makuu lililojaa vifupisho, akamaliza, "Tumeelewana?" Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kujipanga kwa "n". Nikaurudisha. "Samahani, bosi, mimi sijaelewa." Kimya. Halafu mtu wa pili akasema, "Hata mimi." Wa tatu naye. Bosi akaigeuza karatasi, akaisoma tena, akakuna kichwa. "Kusema kweli," akasema, "hata mimi."

Nilipompigia baba kumsimulia yote, hakucheka. Alinikumbusha kwamba mwaka 1980 Ali mwenyewe alitumwa na Rais Carter kuja Afrika kuzishawishi nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na waandishi wa habari wakamwuliza mbona Marekani haikutuunga mkono tulipoisusia Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini. Ali akakiri kwamba habari hizo hakuwa ameambiwa. "Sasa kama bingwa wa dunia alitumwa bila kuuliza akaaibika," baba akasema, "wewe wa maboksi ni nani?"

Mwisho wa mwaka nilipewa ripoti tatu. Ya Louisville: "Kijana msikivu." Ya Columbus: "Hutekeleza maagizo, hata ambayo hayakutolewa." Ya Buffalo: "Anauliza sana." Nilimpelekea kocha ile ya mwisho kwa unyonge, nikiamini nimefukuzwa. Akaniambia hiyo ndiyo iliyonipa kazi.

Basi kijana unayeanza kazi, iwe Tanga, Nairobi au penye theluji, adabu yako usiitupe. Mwamkie mkubwa, inamisha macho ukipenda. Lakini akikuuliza kama umeelewa na wewe hujaelewa, sema hujaelewa, siku hiyohiyo, pale pale. Kuuliza si ujinga, na ni rahisi kuliko kukomboa gari.