Vigogo Sita wa Nishati Ndani ya Seli

Wanaotaka kusifiwa ni wengi, nafasi ni sita. Tunaanzia mkiani.

6. Uchachushaji. Bila oksijeni, seli huvunja glukosi nusunusu na kuambulia ATP mbili (molekuli za nishati, zina nafasi yao mbele). Ikiwa na oksijeni hupata kama 30. Hamira huishi hivyo, ikatuachia gesi ya kuumua mandazi na pombe kidogo inayotoroka kwenye mafuta ya moto, kwa hiyo usiyasingizie mandazi ukichelewa kazini. Ni kazi ya kubangaiza, lakini seli nyekundu za damu hazina mitokondria, mahali pa kutumia oksijeni hiyo, na hazijui nyingine.

5. Glikojeni. Glukosi iliyoungwa minyororo: gramu 100 hivi kwenye ini, kama 400 kwenye misuli. Ini ni karimu, hugawia mwili mzima. Misuli ni bahili wa kuzaliwa: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu, hivyo akiba ya paja haitoki pajani. Mkimbiaji wa marathoni ikimwishia baada ya kilomita 30, miguu hugoma na vigelegele havisaidii.

4. Mafuta. Gramu moja ina kilokalori 9, wanga 4 tu. Tena glikojeni hujaa maji, mafuta huhifadhiwa makavu. Kila Januari tunayatukana, nayo yanaendelea kukaa.

3. Kloroplasti. Mchicha hutumia mwanga kupasua maji, huchukua elektroni, kisha hutupa oksijeni nje. Ndiyo, unavuta taka za mchicha.

2. ATP. Hii ndiyo chenji ya seli: kila mtu anaitaka, haikai mfukoni. Iliyomo kwenye misuli inatosha sekunde chache tu za kutimua mbio. Mwilini mote mna makumi ya gramu, lakini kwa kuvunjwa na kuundwa upya, kwa siku hupita kiasi kinachokaribia uzito wako mwenyewe. Na bado unasema leo hujafanya kitu!

1. ATP sinthesi. Wengi wangempa mitokondria kombe. Mimi nampa mtambo uliomo ndani yake. Elektroni za chakula husukuma protoni nje ya utando wa ndani. Protoni zikirudi hupitia kwenye mtambo huu na kuuzungusha, kila mzunguko ATP tatu. Peter Mitchell alipoleta wazo la protoni mwaka 1961, wengi walilibeza. Mwaka 1978 akapewa Nobeli. Waliobisha kuhusu mzunguko nao wakanyamazishwa mwaka 1997: watafiti wa Japani waligandisha uzi wa aktini unaong'aa kwenye mhimili wa mtambo, wakautazama kwa hadubini ukizunguka kama pangaboi, daima upande uleule.

Anayepinga nafasi ya kwanza alete mashine yake inayozunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde bila grisi.